Nimeopoa picha ya mafuta ya mama aliyekaa kitini soko la Ecseri, sahihi inasomeka Munkácsy 1884. Msaada wadau

mpigaji_wa_Pest

Wakuu habari za jioni. Niko Budapest kimasomo na wikendi huwa napenda kuzurura pale soko la mitumba la Ecseri, si lazima kununua, ni kushangaa tu vitu vya watu. Sasa juzi nimekutana na picha ya rangi za mafuta kwenye turubai, kama sentimita 80 kwa 65 ukiondoa fremu, muuzaji babu mmoja hana maneno mengi, nikabembeleza bei akashusha, nikalipa forinti zangu nikaibeba kwenye tramu watu wananikodolea macho.

Picha yenyewe ni mama wa makamo amekaa kwenye kiti chenye mikono, ameegemea kabisa nyuma, katulia. Gauni jeusi, mikono yake imefura sana mabegani halafu kuanzia kiwiko inabana mpaka kwenye kifundo, kola imepanda hadi chini ya kidevu na kuna bruchi (pini ya pambo) ya dhahabu katikati. Mkono wa kulia umeshika pepeo lililokunjwa. Uso umechorwa vizuri mno, macho yanakufuata, ila nyuma yake ni giza tupu la kahawia, hujui kama ni pazia au ukuta. Chini kulia kuna maandishi mekundu, ukikaza macho unasoma Munkácsy halafu 1884.

Maswali yangu: je inawezekana ni Munkácsy yule yule mkubwa wa Hungaria? Na hiki kiza nikikisafisha si ndio mambo yatajitokeza? Kuna mtu kaniambia nikate kitunguu nisugulie. Na nikimaliza masomo naweza kuondoka nayo kwenye begi bila shida?

tajiri_mtarajiwa

Mkuu umeshatoka kimaisha huko, usitusahau 😂

Ila bila utani, vitu kama hivi vinatokea. Kuna picha ya Berény Róbert, mchoraji wa huko huko, mwanamke amelala na vasi jeusi, ilipotea miaka mingi, halafu mtafiti mmoja wa sanaa wa Kihungaria anaangalia filamu ya watoto ya Hollywood na binti yake anaiona ukutani nyuma ya waigizaji. Ilikuwa imenunuliwa kule Marekani kwa dola mia chache kama pambo la seti. Mwaka 2014 ikapigwa mnada Budapest ikafika euro 229,500. Kwa hiyo shikilia hapo hapo kaka, usiuze kwa haraka.

fundi_wa_fremu

Kitunguu weka kwenye supu. Hapana, narudia, hapana. Wala kiazi, wala mkate, wala maji ya sabuni, wala spiriti. Nimekaa karakana ya fremu miaka mingi na picha nilizoletewa zimekwisha kwa kusuguliwa ni nyingi kuliko zilizokwisha kwa uzee.

Sikiliza mdogo wangu, giza kwenye picha ya mafuta ya zama hizo linaweza kuwa vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina dawa yake. Cha kwanza ni vumbi na moshi, watu walikuwa wanawasha makaa na taa za mafuta na kuvuta sigara sebuleni. Cha pili ni vanishi ya utomvu wa miti, ile ikizeeka inageuka njano halafu kahawia, na fundi aliyesomea anaweza kuitoa taratibu kwa pamba kidogo kidogo. Cha tatu ndio balaa, ni lami. Ndiyo, lami. Wachoraji wengi wa karne ya 19 waliipenda maana ikiwa mbichi inatoa kahawia moja tamu yenye kina, inang'aa, kivuli kinakuwa na joto. Tatizo haikauki sawasawa hata baada ya miaka mingi, inaendelea kujivuta chini kwa chini, rangi ya juu inapasuka mipasuko mipana yenye kingo laini kama ngozi ya mamba, na kila mwaka unavyopita inazidi kuwa nyeusi. Munkácsy mwenyewe ndiye mfano unaotajwa sana, alikuwa anaanzia kwenye msingi mweusi wenye lami ndio anapandisha mwanga juu yake, leo picha zake nyingi zimeshazama gizani na hakuna wa kuzirudisha. Giza la namna hiyo ukilisugua hakuna kitakachojitokeza, unayeyusha mwili wa picha wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujagusa uso wa huyo mama, igeuze. Utujibu haya: mbao za nyuma zikoje, zina kabari ndogo za kukazia kwenye kona? Turubai limeshikwa na misumari midogo au pini za stepla? Kuna muhuri, lebo, namba, maandishi ya penseli? Mgongo wa picha hauna sababu ya kukupendeza, ndio maana huwa nauamini zaidi.

Bi_Cherehani

Jamani mimi picha sijui, mimi najua nguo. Nimefundisha historia ya mavazi chuoni kabla sijastaafu, sasa nimesoma maelezo ya huyu kijana nimebaki nacheka peke yangu.

Mwanangu, hiyo 1884 haiingii kwenye hilo gauni. Mwaka 1884 mkono wa gauni la mwanamke wa mjini Ulaya ulikuwa unabana kutoka bega mpaka kifundo, mwembamba kabisa, na ufahari wote ulikuwa nyuma, kiunoni kwenda chini, wanaweka kitu kama mto au fremu ya vyuma ndani ili gauni litokeze nyuma. Ile fasheni ilikuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1870, ikapoa, ikarudi kwa kishindo karibu 1883 mpaka 1889 hivi. Sasa mtu aliyevaa hivyo anakaaje kwenye kiti? Anakaa ukingoni, tena ubavu ubavu, mgongo umenyooka. Kuegemea kabisa nyuma ni shida, ule mzigo unamsumbua. Wewe umesema mama kaegemea kabisa, katulia. Hapo tu nikashtuka.

Halafu mkono uliofura begani na kubana kuanzia kiwiko, na kola ya kufika kidevuni, huo ni mtindo wa katikati ya miaka ya 1890. Ulianza kukua taratibu mwanzoni mwa muongo, 1895 na 1896 ukawa mkubwa kupita kiasi, baada ya hapo ukanywea ghafla. Fasheni ilikuwa inatoka Paris na Vienna na kufika Budapest bila kuchelewa sana, majarida ya mitindo yalikuwepo. Mwanamke anaweza kuvaa gauni lililopitwa na miaka kumi, hasa mama mtu mzima mwenye kubana matumizi, lakini hawezi kuvaa gauni la miaka kumi mbele. Labda alikuwa mganga.

Nikuulize, hizo mikono zimefura juu tu kama kifundo kidogo, au ni puto hasa linalofika karibu na kiwiko?

mpigaji_wa_Pest

Shikamoo Bi Cherehani. Ni puto hasa, la mkono wa kushoto limefunika kabisa mkono wa kiti. Mchoraji kaweka mistari ya mwanga juu ya kitambaa, unajua kabisa ni hariri nzito.

Bi_Cherehani

Marahaba. Basi ni 1894 mpaka 1896 hapo, siwezi kukupa zaidi. Picha yako naiamini, mwaka ulioandikwa siuamini.

dada_makumbusho

Nimeipenda hii thread. Nakaa huku huku Budapest, niongezee kidogo upande wa Munkácsy kwa sababu naona jina limemchanganya mtoa mada na sio yeye tu.

Munkácsy Mihály alizaliwa 1844 mji wa Munkács ambao siku hizi uko Ukraine, jina la ukoo lilikuwa Lieb, alibaki yatima akalelewa na mjomba, akawekwa kwa seremala kujifunza kazi. Alipata jina kubwa 1870 pale aliposhinda medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris kwa picha ya mfungwa anayesubiri kunyongwa. Baada ya hapo akahamia Paris, 1874 akaoa mjane wa baroni, akaishi maisha ya kifahari kule kule mpaka alipougua akili, akafariki 1900 karibu na Bonn. Sasa piga hesabu, miaka ya 1880 na 1890 alipokuwa kileleni alikuwa Paris. Portraiti, yaani picha ya mtu, ya mwanamuziki Liszt aliyoichora 1886 ilichorwa huko. Kwa hiyo turubai la Munkácsy wa 1884 ungetegemea linuke Ufaransa, muhuri wa duka la vifaa la Paris, vipimo vya fremu za Kifaransa. Sio ushahidi wa mwisho, mtu anaweza kusafiri na vitu vyake, ila ukikuta nyuma kuna muhuri wa Vienna au wa Budapest maswali yanaongezeka.

Na jina lenyewe ndio chambo. Huyu ni mmoja wa wachoraji wa Hungaria ambao majina yao yamebandikwa sana kwenye kazi za watu wengine. Isitoshe studio yake yenyewe ilikuwa na wasaidizi, Rippl-Rónai József, aliyekuja kuwa mkubwa baadaye, alianza Paris akiwa chini ya Munkácsy na sehemu ya kazi ilikuwa kunakili picha za bosi.

Huyo Rippl-Rónai mtazame vizuri kwa sababu mwaka 1894, zama hizo hizo za gauni la mama yako, alichora bibi yake mzee, kakaa tu, kijivu na nyeusi, karibu hakuna kitu kwenye picha zaidi ya uso, na ndiyo iliyomfungulia milango ya wale wachoraji vijana wa Paris waliojiita Nabis. Kisha panda juu Buda, kwenye kasri, ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Sanaa kuna picha ya Szinyei Merse Pál, mwanamke mwenye gauni la zambarau, 1874. Ni mke wake, Zsófia, alikuwa mjamzito. Kakaa nje kwenye majani, jua limewaka, zambarau ya gauni inagombana na njano ya maua ya porini na kijani cha nyasi, na hakuna hata tone la lile giza. Mwaka mmoja na ndoa ya Munkácsy, nchi moja, wote wawili walipita Munich, lakini huyu yuko kijijini Jernye (leo ni Slovakia) anapaka mwanga na mwenzake yuko Paris anapaka lami. Wakosoaji wa wakati huo hawakumwelewa Szinyei, akavunjika moyo akaacha kuchora kwa miaka mingi, mpaka maonyesho ya 1896 ya kuadhimisha miaka elfu moja ya Hungaria ndipo watu wakamgundua upya. Mimi huwa nasimama pale muda mrefu, mlinzi ameshanizoea.

Ninachosema ni kwamba kati ya hao wakubwa kulikuwa na jeshi zima la wachoraji wa kati, wamesomea Munich, au Vienna, au kwa Benczúr Gyula na Lotz Károly pale Budapest, kazi yao kuchora wake wa mawakili, wa wenye viwanda, wa maafisa wa reli. Mji ulikuwa unakua kwa kasi tangu Buda, Óbuda na Pest ziungane 1873, wenye pesa mpya wote walitaka mama wa nyumba akae kwenye kiti achorwe. Wengi walichora vizuri kweli na majina yao leo hayajulikani. Na usiseme moja kwa moja mchoraji ni mwanaume, Parlaghy Vilma alikuwa Mhungaria na alichora mpaka mfalme Wilhelm wa Ujerumani.

tajiri_mtarajiwa

Kwa hiyo tunazika ndoto hivi hivi? Mimi nilishachagua rangi ya gari

fundi_wa_fremu

Subiri mgongo kwanza. Na kijana, kama unaweza kupata ile taa ndogo ya urujuanimno (UV) ya kukagulia noti, zima taa zote usiku umulike sehemu ya sahihi kwa pembeni. Vanishi ya zamani ya utomvu huwa inatoa ukungu wa kijanikijani. Rangi iliyowekwa juu ya vanishi hiyo baadaye inaonekana kama doa jeusi limeelea. Halafu chukua lensi ya kukuzia, tazama pale herufi inapokutana na ufa. Rangi ya zamani hupasuka pamoja na picha, ufa unaikata herufi katikati. Rangi iliyokuja baadaye inaingia ndani ya ufa.

mpigaji_wa_Pest

Nimerudi wakuu. Taa niliazima kwa jamaa anayefanya kazi dukani.

Mbao za nyuma ni za kale, kabari zipo kwenye kona zote isipokuwa moja, misumari midogo imeshika kutu, hakuna stepla. Turubai upande wa nyuma limekuwa kahawia. Muhuri wa duka la Paris hakuna. Kuna muhuri wa wino umefifia, nasoma "...WIEN" (ndio Vienna) tu mwishoni. Kuna stika ya karatasi ya BÁV yenye namba ya kuandikwa kwa mkono, na kwenye ubao wa juu kuna penseli, maandishi ya kulala lala ya zamani, nadhani inaanza na "özv." halafu jina siliwezi.

Sasa sahihi. Nilipomulika, picha nzima ikawa na ukungu wa kijani kama alivyosema fundi, halafu maandishi yamekaa juu yake meusi tii, kila herufi. Na kwenye lensi herufi ya s ina ufa unapita chini yake na wekundu umejaa ndani ya ufa.

fundi_wa_fremu

Basi jibu la swali la kwanza umejipa mwenyewe. Sahihi imewekwa picha ikiwa imeshazeeka na kupasuka. Mtu alikuwa na portraiti nzuri isiyo na jina, akaitafutia jina linalouza. Usiifute hiyo sahihi lakini, hiyo nayo ni sehemu ya historia yake na fundi wa kweli atataka kuiona ilivyo.

Mipasuko kwenye lile giza ikoje? Myembamba mikali au mipana laini?

mpigaji_wa_Pest

Myembamba, kama nywele.

fundi_wa_fremu

Afadhali. Hiyo inaelekea kuwa vanishi na moshi zaidi kuliko lami, kwa hiyo ipo siku fundi wa makumbusho anaweza kukutolea pazia au ukuta hapo nyuma. Yeye. Sio wewe.

mkaaji_wa_Szeged

Nichangie hiyo penseli na stika kwa sababu hapo ndipo pana mambo. "özv." Wahungaria wanaandika kwa mjane, na mjane wa zamani aliandikwa kwa jina la marehemu mume wake, kwa hiyo jina utakalolisoma litakuwa la mume na mwishoni limeongezwa -né. Huyo anaweza kuwa ndiye aliyechorwa, gauni jeusi lile, au ndiye aliyeagiza, au mrithi tu. BÁV enzi hizo yalikuwa maduka ya serikali ya kuuza vitu vya watu kwa kamisheni, stika yake inakuambia picha ilipita mikononi mwao, kwa kawaida wakati wa ukomunisti.

Na hapa ndugu yangu usiende haraka. Picha za familia za Budapest zilipoteza wenyewe kwa njia mbaya. Mwaka 1944 Wayahudi walilazimishwa kuorodhesha mali zao, zikachukuliwa, na wao wenyewe kwa mamia ya maelfu wakapelekwa Auschwitz kutoka mikoani. Halafu mwishoni mwa 1944 mpaka Februari 1945 mji ukazingirwa, nyumba zikaporwa. Halafu 1951 maelfu ya familia zilizoitwa maadui wa tabaka zilifukuzwa Budapest kwenda vijijini, wanapewa notisi fupi wanabeba wanachoweza, na portraiti ya bibi ya mita nzima na fremu yake haibebeki. Sisemi yako imetokea huko. Nasema ukipata jina, lipeleke kwanza kwa watu wanaojua nyaraka, kabla hujalipeleka kwa dalali.

Kuhusu kuondoka nayo, usiweke kwenye begi. Sheria yao ya urithi wa utamaduni ya 2001 inataka kibali kwa vitu vya sanaa vilivyozidi miaka 50, na serikali ina mamlaka ya kutangaza kitu kuwa kinalindwa, kikishatangazwa hakiruhusiwi kutoka nchini kwa kudumu. Picha ya Golgota ya huyo huyo Munkácsy ilikuwa mali ya mtu binafsi, ikatangazwa hivyo, ikakaa, na mwaka 2019 serikali ikainunua. Portraiti isiyo na jina haielekei kufika huko, kibali chake kwa kawaida si cha kukunyima usingizi, ila kukamatwa nayo uwanja wa ndege bila karatasi ni habari nyingine.

mpigaji_wa_Pest

Asanteni sana aisee. Kwa hiyo hatua yangu ni kupiga picha vizuri mbele na nyuma, nisiguse kitu, nitafute wa kusoma hiyo penseli, kisha niende na picha za simu mtaa wa Falk Miksa kwenye maduka ya vitu vya kale nisikie wanasemaje?

dada_makumbusho

Ndiyo, ila ukienda Falk Miksa usianze na neno Munkácsy, watakuchekea au watakuchangamkia, yote mawili mabaya. Onyesha uso na mikono, uliza wanaona mkono wa nani. Na zile nyumba za minada huwa zina wataalamu wa kuangalia kwa macho, uliza siku wanazopokea watu. Penseli ipige picha ukiwa umeweka mwanga kwa chini pembeni, uitume hapa, mume wangu Mhungaria na mama yake anasoma yale maandishi ya zamani vizuri tu.

Bi_Cherehani

Na bruchi uipige karibu. Kama ina picha ya mtu au nywele ndani ya kioo basi huenda mama ni wa msiba kweli na mjane wenu mmeshampata.

fundi_wa_fremu

Na uitoe hapo ulipoitundika kama ni juu ya redieta. Najua vyumba vya wanafunzi vya huko, redieta iko chini ya kila kitu.

mpigaji_wa_Pest

Iko juu ya redieta. Naishusha sasa hivi, picha za penseli na bruchi kesho asubuhi nikipata mwanga.